JASHO LA MCHANGAJI LIHESHIMIWE

Miaka ya 1970 wakulima wa kahawa wa Nyeri walichanga senti zao kujenga chuo cha ufundi cha Kimathi. Mwaka 2012 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili. Nani basi athubutu kusema mwananchi hajui maendeleo?

Lakini mchango si kodi. Hatujasahau harambee ambazo kuku wa mjane alikamatwa na askari wa chifu, huku wakubwa wakipigiwa makofi kwa fedha zisizojulikana zilikotoka.

Tunasema wazi: chuo kinachotaka kukua kwa michango kitoe risiti, kisome hesabu hadharani, na mtoto wa mchangaji asifukuzwe kwa kukosa karo. Aliyetoa ana haki ya kuuliza.