Nani Atabangua Korosho za Manyoni?

Mkorosho, uliohesabiwa kwa miaka mingi kuwa mti wa Mtwara na Lindi, sasa umeshika mizizi wilayani Manyoni, mkoani Singida. Mashamba makubwa ya pamoja yamefunguliwa, Masigati likiwa miongoni mwayo. Hilo ni jambo la kupongezwa, lakini ni mapema mno kuridhika na hesabu ya ekari. Viongozi wa Chama na Serikali mkoani hawana budi kuamua mapema nani atakayezibangua korosho hizo.

Yaliyotokea Mtwara yanajulikana. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko ndiko zinakobanguliwa, zinakomenywa na kupangwa kwa madaraja, na huko ndiko unakobaki ujira wa kila hatua. Wanawake wa Kollam, kusini mwa India, wamelisha familia zao kwa vizazi kadhaa kwa kubangua korosho ambazo nyingi zilitoka Afrika. Hao hawana lawama. Walifanya kazi iliyoletwa mlangoni mwao. Muuzaji wa mali ghafi ndiye aliyeuza pamoja nayo ajira za vijana wake, wala hakuziandika kwenye ankara.

Wapo watakaokumbusha, na kwa haki, kwamba jambo hili lilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1970 Serikali ilianza kujenga viwanda vya kubangua korosho kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mavuno yalifikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, kisha yakaporomoka: wakulima waliohamishiwa vijijini waliiacha mikorosho yao mbali, bei waliyolipwa ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaenea. Viwanda vikakosa korosho, na baadhi vikaishia kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli. Nia ya kubangua ilikuwa sahihi; aliyesahauliwa ni mkulima.

Manyoni ina hoja ambayo Mtwara, yenye bandari yake, haikuwa nayo. Kilo 4 za korosho ghafi hutoa takriban kilo 1 tu ya kiini, na kutoka Manyoni hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Kupeleka korosho ghafi umbali huo ni kuyalipia maganda nauli. Umbali uleule ambao siku zote umetajwa kuwa mzigo wa Singida, hapa unautetea Mkoa. Alizeti ni shahidi: viwanda vinavyoikamua vimo Singida kwenyewe.

Mahitaji yenyewe si ya kutisha: karakana ndogo za vyama vya ushirika, mashine ambazo fundi aliyehitimu VETA anaweza kuzitengeneza, na glavu za kukinga mikono na mafuta makali ya ganda. Lililo zito ni mtaji. Mbanguaji mdogo hushindana na mnunuzi wa nje mwenye fedha taslimu, ilhali yeye anahitaji korosho za kumtosha mwaka mzima. Halmashauri na maafisa ushirika waanze mazungumzo na mabenki sasa, kabla miti haijafikia uzao kamili. Na mtumishi au mwalimu mwenye ekari zake Manyoni, ambaye naye ni mwanachama mwenye kura katika chama chake cha msingi, aulize kwenye mkutano mkuu ujao ni tani ngapi zitakazotengwa kwa wabanguaji wa papo hapo kabla mnada haujafunguliwa.