MASHINI ILIYOKUFA ITUFUNDISHE

Wanafunzi wenzetu, na ninyi walimu wetu,

Wengi wetu tunajua kusema kwa kichwa: «Ordinateri ni mashini ya kupokea habari, kuitengeneza na kuitoa.» Kwa mtihani tunapata pointi. Lakini ukiuliza memwari iko wapi, kalasi yote inanyamaza. Watu wanasema ni sababu ya kukosa umeme: hakuna umeme, hakuna somo. Sisi hatukubali.

Ordinateri iko na sehemu mbili. Ya kwanza ni vyombo, ni kusema kila kitu unachoweza kushika: kioo, klavye, na sanduku lenyewe. Ya pili ni programu, ni kusema maagizo yanayoambia vyombo vifanye nini. Windows na Linux ni programu kubwa zinazoongoza mashini yote. Ile ya kuandika barua inatumika chini yao. Telefone yenye Android iko vilevile. Basi mwenye kuishika ameshika ordinateri tayari.

Ndani ya sanduku, prosesa ndiyo inafanya hesabu. Memwari ya RAM ni kama ubao: jenereta ikizimika, yote yanafutika. Disiki ni kama kaye: yaliyoandikwa humo yanabaki. Kwa hiyo mtu aliyepiga kurasa tano bila kuziweka kwenye disiki, mafuta yakiisha, anaanza tena mwanzo.

Vyombo hivyo vyote vinaonekana hata katika mashini iliyokufa. Programu inataka umeme, kweli. Lakini vyombo vinataka macho na bisibisi tu. Mashini ya namna hiyo mara nyingi inalala chini ya meza, imefunikwa kitambaa. Kwa nini isifundishe?

Kuko neno lingine. Huku kwetu Maniema watu wanachimba kasiteriti tangu wakati wa Wabelgiji. Namoya, katika Kabambare, kampuni ilianza kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016. Basi, bati ya kasiteriti ndiyo inashikisha vipande kwenye bao la mashini. Dhahabu inapakwa penye meno ya kuunganishia. Tantali ya koltani iko katika vipande vingine vidogo vya kuweka umeme. Mawe yanatoka kwetu katika magunia, yanarudi telefone, na sisi tunainunua bila kujua ndani kuna nini. Na wenzetu wengine wanaacha masomo kwenda machimboni!

Mwingine atasema: mtihani hauulizi bisibisi. Sawa. Lakini aliyeona kwa macho hasahau upesi. Tena, mashini ikikataa kuwaka, yeye atauliza kwanza: ni chombo ao ni programu? Hatalipa fundi bure.

Tunaomba basi vitu vitatu: mashini moja iliyokufa, bisibisi moja, na saa moja ya Siku ya Posho pamoja na mwalimu. Iwe imechomolewa umeme. Kisanduku kinachoingiza umeme kisifunguliwe hata kidogo, kwani kinaweza kushika umeme hata kisipounganishwa. Vioo vinene vya zamani ni vilevile. Na beteri ya telefone isitobolewe, inaweza kuwaka moto.

Sisi tumesema. Mwenye wazo lingine aandike, karatasi iko.