Mwacheni Farasi Nje

Kila theluji inapoanguka hapa Minnesota, watu wenye huruma huanza kupiga simu. Wamepita barabarani ndani ya gari lenye joto, wamemwona farasi amesimama uwanjani huku theluji imemjaa mgongoni, na roho imewauma. Wengine humpigia mwenye farasi, wengine huwapigia polisi moja kwa moja. Ndugu zangu wa Tanga na Mombasa nao, nikiwatumia picha, huniuliza jambo lilelile kwa ukali zaidi: "Hivi wewe huna imani? Mnyama analala kwenye barafu, na wewe uko ndani unaota moto?"

Nataka kulijibu swali hilo hadharani, kwa sababu dhana iliyo nyuma yake imetapakaa Marekani na Ulaya, na sisi tuliohamia huku tumeipokea bila kuihoji. Dhana yenyewe ni kwamba farasi huisikia baridi kama mtu anavyoisikia. Kwa hiyo anayempenda farasi wake atamfungia bandani, ataziba madirisha, atamvika blanketi na kumpikia uji wa pumba. Nasema dhana hiyo ni potofu na inawaumiza farasi. Farasi mzima mwenye manyoya yake, akipata nyasi za kutosha, maji yasiyoganda na mahali pa kujikinga na upepo na mvua, hukaa nje majira yote ya baridi na afya yake huwa bora kuliko ya yule aliyefungiwa.

Theluji ile ya mgongoni ndiyo hasa ingepaswa kuwatuliza. Manyoya ya farasi wakati wa baridi huwa mengi na marefu, na kila unywele una kimsuli kidogo kinachousimamisha. Hewa inayonaswa katikati ya nywele hizo hulizuia joto la mwili lisitoke. Kama joto lingekuwa linavuja, theluji ingeyeyuka na kumlowesha. Haiyeyuki kwa kuwa joto limebaki ndani. Vua glavu, upenyeze vidole chini ya manyoya marefu ya shingo ya huyo farasi unayemwonea huruma. Utakuta ngozi kavu yenye joto, na mkono wako ndio utakaopashwa moto.

Tena manyoya hayo hayangoji baridi ifike. Huanza kujiandaa baada ya Juni 21, siku zinapoanza kufupika, wakati watu wa huku bado wanaogelea kwenye maziwa. Mwili wa farasi husoma mwanga. Anayemwashia taa bandani mpaka usiku wa manane kwa kudhani anamfariji anauvuruga mwili huo, na farasi huingia Desemba akiwa na manyoya haba.

Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Minnesota wanaeleza kwamba farasi mwenye manyoya ya wastani ya majira ya baridi, akiwa mkavu, hahitaji kutumia nguvu ya ziada kujipasha joto mpaka hewa ishuke chini ya nyuzi 8 hivi chini ya sifuri. Akiwa na manyoya ya kiangazi, kiwango hicho ni nyuzi 5 juu ya sifuri. Binadamu asiye na nguo huanza kuhitaji joto la ziada hewa ikiwa bado na nyuzi 27 hivi. Fikiria ukubwa wa pengo hilo, kisha ujiulize kwa nini tunaipima baridi ya farasi kwa ngozi yetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tuliokulia pwani, ambako nyuzi 22 ni sababu ya kutafuta sweta, tungepaswa kuwa wa mwisho kumsemea farasi habari za baridi.

Asili yake yenyewe inatuambia. Farasi wa kufugwa waliotapakaa duniani leo wanatokana na nyika zilizo kati ya mito ya Volga na Don, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, na nyika zile si nchi ya joto. Huko Yakutia, Siberia, farasi wafupi wenye manyoya mazito hukaa nje mwaka mzima katika nchi ambayo baridi hufika nyuzi 60 na kitu chini ya sifuri, wakichimbua theluji kwa kwato ili wafikie majani. Sisemi farasi wa mbio kutoka Florida atupwe Siberia. Nasema tu kwamba baridi haikumkuta farasi akiwa mgeni.

Basi na tulitazame lile banda.

Majira fulani ya baridi niliitwa kumwangalia farasi jike aliyekuwa akikohoa. Mwenye banda alikuwa ameziba kila upenyo. Plastiki ilikuwa imegongomelewa madirishani, magunia yamesukumwa chini ya milango. Watu wawili tukiwa tumevaa makoti tulijisikia vizuri mle ndani, kulikuwa na uvuguvugu. Lakini misumari iliyotokeza kwenye dari ilikuwa na vichwa vya barafu, na maji yalidondoka kutoka juu. Ni pumzi ya farasi wenyewe iliyokosa pa kutokea. Nilipochuchumaa mpaka usawa ambao pua ya farasi huwa akiwa amelala, amonia ya mkojo ilinichonyota macho. Kisha mwenyewe akatupa fungu la nyasi kavu horini, vumbi likatanda kwenye mwanga wa taa, na yule farasi akakohoa kabla hajameza funda la kwanza.

Farasi hapumui kwa mdomo. Hewa yote inayoingia mapafuni mwake hupita puani, na pua hiyo hushinda ndani ya hori. Vumbi la nyasi, ukungu na amonia, vikifungiwa naye miezi minne au mitano, huamsha ugonjwa ambao siku hizi madaktari wa mifugo huuita pumu ya farasi, na mapafu yaliyokwisha kuharibika vibaya hayarudi yalivyokuwa. Kwa yule farasi jike, jambo la kwanza aliloagiza daktari lilikuwa kufungua milango, kulowesha nyasi na kumtoa nje. Uvuguvugu ule uliowafurahisha watu ndio uliokuwa ukimkohoza mnyama.

Kuna pia hasara nyingine za kufungiwa. Miguu huvimba kwa kusimama mahali pamoja, tumbo hupoa kwa kukosa mwendo, na farasi aliyezoea kundi hukaa akiyumba kushoto na kulia kutwa nzima au kuguguna mbao. Watu husema ana tabia mbaya. Mimi nasema amefungwa.

Sasa blanketi. Madukani yanauzwa kwa uzito wa sufi iliyomo ndani, gramu 100, 200, mpaka 400, na mwenye farasi mpya huaminishwa kwamba bila yote matatu hajatimiza wajibu. Blanketi huyalaza manyoya yaliyokuwa yamesimama. Lile jepesi, basi, linaweza kumpunguzia farasi joto kuliko kumwongezea. Jua la saa sita mchana likitoka, anatoka jasho chini yake, na usiku jasho hilo linageuka baridi. Mabega yanachubuka. Baya zaidi ni kwamba linaficha mwili. Nimewaona farasi waliovikwa Novemba wakavuliwa Machi, mbavu zikihesabika, na wenye nao wakashangaa kwa dhati. Hata manyoya peke yake hudanganya macho. Ndiyo maana mfugaji makini hupitisha kiganja mbavuni kila wiki na kubonyeza. Mtindo wa kupima unene wa farasi kwa alama 1 hadi 9, uliotolewa Texas mwaka 1983 na mtafiti Don Henneke, unategemea vidole vya mpimaji sawa na macho yake.

Wapo farasi wanaohitaji blanketi, na kuwanyima ni ukatili. Mzee aliyeng'oka meno, aliyekonda, mgonjwa, aliyenyolewa kwa ajili ya michezo, aliyeletwa Januari kutoka nchi ya joto. Na ipo hali ya hewa inayomshinda hata farasi mwenye afya, nayo si ile wanayoiogopa wapita njia. Ni mvua ya Novemba yenye upepo, nyuzi 2 tu juu ya sifuri. Maji hulaza manyoya, hewa iliyonaswa hutoweka, na farasi hutetemeka kuliko usiku mkavu wa nyuzi 15 chini ya sifuri. Hapo anahitaji paa na kuta tatu, mgongo wa banda ukiukabili upepo, na mlango usiofungwa ili aingie na kutoka atakavyo.

Atakavyo. Kwa nini asiulizwe? Watafiti wa Norway walimuuliza. Waliwafundisha farasi 23 kugusa kwa pua ubao wenye alama: alama moja ya kuvikwa blanketi, nyingine ya kuvuliwa, ya tatu ya kuachwa kama alivyo. Wote walijifunza ndani ya siku 14, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Siku za mvua, upepo na baridi, wengi waliomba blanketi. Siku nzuri walikataa. Hawakuomba kwa kufuata kalenda wala kwa kufuata tangazo la duka.

Joto la kweli la farasi linatoka tumboni. Nyasi kavu zikifika kwenye utumbo mpana huchachushwa na vijidudu, na uchachu huo hutoa joto kwa saa nyingi. Farasi wa kilo 500 hula kilo 10 hivi za nyasi kwa siku, na baridi ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri ninamwongezea kilo 2 au zaidi, nyingi nikiziweka jioni ili moto huo uwake usiku. Uji wa pumba, ambao bibi na babu wa huku waliuapia, humpa joto la kitambo kidogo tu, na ukipewa mara moja kwa wiki huvuruga tumbo lililozoea chakula kingine. Anayetaka kumpasha farasi moto na ampe nyasi.

Na maji. Hapa ndipo ninapokasirika hasa, kwa kuwa mtu aliyemvika farasi wake blanketi la bei ghali huweza kulala usingizi mnono huku ndoo ya farasi huyo imeganda. Farasi wa ukubwa huo huhitaji lita 30 hadi 45 kwa siku. Kiangazi majani mabichi yenyewe huwa na maji mengi. Nyasi kavu hazina. Akinywa kidogo, chakula hukauka utumboni na kuziba, na hapo huja msokoto wa tumbo, ambao ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kwa kuua farasi. Theluji haitoshi. Theluji laini inayojaa ndoo kumi huyeyuka ikatoa maji ya ndoo moja hivi, tena kwa joto la mwili wake mwenyewe. Maji yaliyopashwa kidogo hunywewa zaidi kuliko ya baridi kali, kwa hiyo hita ya hori ina faida kuliko blanketi lolote. Lakini ikague waya wake. Ukichubuka na kupitisha umeme kidogo majini, farasi ataonja mara moja, ataruka nyuma, na hatarudi. Wewe utaona hori limejaa na kudhani hana kiu.

Sidai kwamba baridi haiui. Desemba 2019 dhoruba kali iliipiga kaskazini mwa Iceland, na farasi wapatao 100 walikufa, tena ni farasi wa asili ya hukohuko, waliozoea kukaa nje. Upepo, unyevu na theluji iliyowafukia viliungana. Msiba ule unatufundisha kuweka kinga za upepo na kuwafikia wanyama kabla dhoruba haijafunga njia. Haukutufundisha kuwafungia miezi mitano.

Jambo moja kwa wasomaji wa nyumbani. Huruma mnayompa farasi mpeni punda. Yeye ndiye mwenzetu, asili yake ni Afrika, na utafiti uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba manyoya yake hayaongezeki wakati wa baridi kama ya farasi. Mvua humpenya upesi. Punda anayefugwa Ulaya au Marekani anahitaji banda kavu kuliko farasi aliye naye uwanjani, na mara nyingi ndiye anayesahauliwa, kwa sababu anasimama kimya. Mwenye punda aliyenyeshewa kwenye baridi ya Limuru au Njombe naye ajue hivyo.

Kwa hiyo wewe unayepita barabarani ukaona farasi mweupe kwa theluji, usiutazame mgongo. Tazama hori la maji kama lina barafu juu. Tazama kama kuna nyasi chini, kama upo ukuta wa kumkinga na upepo, kama anatetemeka, kama ameinamisha kichwa na kujitenga na wenzake. Ukiona hayo, piga simu siku hiyohiyo, na nitakushukuru. Na wewe mwenye farasi, fedha uliyotenga kwa blanketi la tatu nunulia nyasi na hita ya maji, kabla Novemba haijaingia.