Mlo wa Mchana Kariakoo

Mama mmoja wa Mbagala ameniletea barua ya kurasa mbili, na kwa ruhusa yake naifupisha hapa. Mumewe anauza vitambaa katika duka la mtu, mtaa wa Congo, Kariakoo. Kila asubuhi bwana huyo huondoka nyumbani na shilingi 10,000. Nauli ya kwenda na kurudi, kwa hesabu ya mama, haizidi 2,000. Zilizobaki, asema bwana, ni za chakula. Mama huyu hubakiwa na 7,000 za kumlisha yeye na watoto watatu kutwa nzima. Swali lake ni fupi: huko Kariakoo watu hula nini?

Ndugu wasomaji, jibu la kukisia lisingemfaa. Kwa hiyo tangu Jumatatu hadi Ijumaa nimekula Kariakoo na jirani zake, huku daftari likiwa mkononi.

Jumatatu nilianzia ng'ambo ya Mnazi Mmoja, katika hoteli ndogo za chai za Kisutu. Wenyeji wa jiji hili wanajua kwamba wakoloni, Wajerumani kwanza kisha Waingereza, waliugawa mji mafungu matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi uwe mpaka baina ya mawili ya mwisho. Mpaka huo tumbo halikuutii. Chapati, sambusa, bajia na chai ya maziwa yenye iliki zilivuka uwanja zamani, na leo hupikwa kwa mkaa katika kila uchochoro wa Kariakoo. Mihogo nayo ilivuka kwenda upande wa pili, na utaikuta ikikaangwa katika vibanda vya Wahindi, ikinyunyiziwa pilipili na ndimu. Nilikunywa chai na kula chapati mbili kwa shilingi 1,500. Bei niliyoikuta ng'ambo ya pili, siku ya pili, ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba Kisutu unaketi chini ya feni, na Kariakoo unaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Jumanne nilikwenda kwenye kahawa. Nakiri nilisita, maana benchi la kahawa ni mahali pa wanaume, na mwanamke akiketi hapo mazungumzo hukatika ghafla. Nilimwamkia mzee mwenye dele, akaitikia marahaba na kunisogezea kikombe bila kuuliza neno. Kahawa chungu, kipande cha kashata ya karanga, shilingi 200. Baada ya dakika tano hivi walinisahau, wakarudia ubishi wao, nao ulikuwa wa Simba na Yanga. Hilo si ajabu, kwani makao ya Simba yako mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, na benchi lile liko katikati kana kwamba liliwekwa na mwamuzi. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, na kwa jinsi nilivyosikia, hakuna hata bao moja la tangu wakati huo lililokwisha kujadiliwa.

Hapo ndipo nilipogundua jambo la kwanza la kumwambia mama wa Mbagala. Kikombe ni 200, lakini mtu hanywi peke yake. Anayefika na fedha leo huwalipia watatu waliomtangulia, na kesho, siku duka halikuuza, yeye ndiye hulipiwa. Nilimwona kijana mmoja akitoa shilingi 1,000 na kuondoka bila chenji, na hakuna aliyemshukuru.

Sasa nije kwenye mlo wenyewe. Mama lishe, ambaye zamani tukimwita mama ntilie, hakuzaliwa pamoja na jiji hili. Wapishi wa kuuza walikuwapo tangu awali, lakini wingi wa akina mama hawa ulitokana na shida ya miaka ya 1980, mshahara wa mfanyakazi ulipokuwa hautoshi hata nusu ya mwezi. Wake wa wafanyakazi ndio waliotoka na masufuria. Mwaka 1983 ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, wachuuzi wengi wa mitaani walikamatwa kwa kuhesabiwa kuwa hawana kazi. Ni kichekesho kichungu, maana aliyeamka saa kumi usiku kuosha mchele ndiye aliyeambiwa hana kazi. Miaka ikapita, mambo yakalegea. Kipindupindu kilipoingia jijini Agosti 2015, chakula cha barabarani kikapigwa marufuku. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja shilingi 20,000, wakapumua. Oktoba 2021 wakaondolewa tena kando ya barabara pamoja na wamachinga wengine, miezi mitatu tu baada ya soko kuu la Kariakoo, lile alilolichora Beda Amuli na kufunguliwa 1975, kuteketea kwa moto.

Mama ninayekula kwake ameyapitia mengi ya hayo. Namfahamu tangu nikiwa mwanafunzi wa uandishi niliyetumwa Kariakoo kuandika bei za nyanya. Mwezi mmoja posho yangu ilichelewa, akanilisha siku kumi na tisa kwa mkopo, akiandika vistari kwa mkaa ukutani. Hakuniuliza jina. Siku nilipolipa alifuta vistari kwa kanga yake, akaniuliza kama nataka maharage au mchicha.

Siku hizi anapikia ndani ya ua wa nyumba ya Kiswahili, mojawapo ya zile chache zilizosalia: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, baraza mbele. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa nilikula hapo. Sahani ya wali kwa maharage, mchicha na kipande cha samaki ni shilingi 2,500. Samaki akikosekana hupunguza mia tano bila kuombwa. Saa saba mchana vijana wake wawili hubeba sahani zilizofunikwa, wakapanda ngazi za maghorofa ya jirani hadi orofa ya nne na ya tano, kwa wauzaji ambao matajiri wao hawaruhusu kuacha duka. Uani nilimkuta mnunuzi kutoka Lubumbashi, wawili kutoka Moroni wakisubiri mizigo yao, na mpiga debe wa daladala ambaye alikula akiwa amesimama. Kiswahili chao kilikuwa cha namna nne, ugali ukawa mmoja.

Hesabu yangu basi ni hii. Chai na chapati 1,500, mlo wa mchana 2,500, maji 500, kahawa vikombe viwili 400. Jumla 4,900. Ongeza nauli 2,000, inakuwa 6,900. Mama wa Mbagala, zinabaki 3,100 ambazo si chakula chake. Siwezi kukwambia zinakwenda wapi. Kiasi fulani hakika ni cha benchi la kahawa, na hicho usikikate chote, kwa sababu siku akifiwa au akiugua ndilo benchi litakalokuja Mbagala. Lakini 3,100 kila siku ni nyingi, nawe una haki ya kuuliza, tena kwa utulivu, usiku watoto wakiisha kulala. Kuhusu kumfungia chakula cha nyumbani, sikushauri. Wali wa nazi ukitoka Mbagala alfajiri, saa saba umechacha. Afadhali afanye kama baadhi ya wauzaji wenzake, wanaomlipa mama lishe Jumatatu kwa wiki nzima. Fedha ikishatoka mfukoni haina safari nyingine.

Kuna jambo moja ambalo itabidi walijue kwanza. Ijumaa, nilipokuwa nalipa, yule mama alinionyesha alama ya rangi nyekundu kwenye nguzo ya baraza. Mwenye nyumba amekubaliana na mjenzi: yeye anatoa kiwanja, mjenzi anatoa ghorofa, na kila mmoja atachukua orofa zake. Ndivyo mitaa yote ya jirani ilivyokwenda, na sioni wa kulaumiwa, kwani mwenye nyumba naye ana wajukuu. Katika michoro ya jengo hilo kuna maduka na stoo. Ua haumo. Wapangaji wamepewa hadi mwisho wa mwezi.

Nilimwuliza atakwenda wapi. Alisema ameambiwa kuna nafasi chini ya ngazi ya jengo la pili, hatua tatu kwa mbili, lakini mlinzi hataki moshi, na mtungi wa gesi alio nao ni mdogo, hauivishi maharage ya watu sitini. Anatafuta mkubwa wa kununua kidogo kidogo.

Kwa hiyo, mama wa Mbagala, mwulize mumeo anakula kwa nani. Kama ni hapo uani, mwambie asilipe wiki nzima mpaka ajue sufuria zimehamia wapi, na kama ana deni alilipe kabla ukuta haujabomolewa, maana vistari vingi bado vimo ukutani humo.