"Yaya" mbele ya jaji

Ukimwambia mtu wa hapa Lubumbashi kwamba unasomea ukalimani, jibu halibadiliki: "Kumbe unaenda chuo kikuu kujifunza kurudilia maneno ya wengine?" Tunacheka, tunaendelea na safari. Lakini wazo hilo halibaki barabarani. Linaingia mahakamani na hospitalini, na huko halichekeshi mtu. Jaji asiyeelewana na mshtakiwa anatazama chumba kizima na kuuliza nani anajua lugha yake. Anainuka polisi, au mama aliyekuja kwa ajili ya kesi nyingine. Anaapishwa, anaanza. Hakuna aliyeuliza kama anaweza, kwa sababu inaaminika kwamba mwenye lugha mbili ni mkalimani tayari.

Tuchukue neno moja tu. Katanga, yaya ni ndugu mkubwa, awe wa kiume au wa kike. Ukivuka Ziwa Tanganyika kuingia Tanzania, yaya ni mtu anayelipwa kulea watoto. Basi shahidi wa kwetu akisema "yaya alikuwa ndani ya nyumba", mkalimani aliyejifunza Kiswahili cha pwani peke yake atamwambia jaji, kwa Kifaransa safi kabisa, kwamba mtumishi alikuwa ndani ya nyumba. Familia imepoteza mtu mmoja na hakuna aliyetambua. (Na munganga wetu, yule wa hospitali mwenye koti jeupe, akifika pwani anaweza kugeuka mtu wa mitishamba.)

Neno baba ni gumu zaidi, kwa sababu linaonekana jepesi. Kwa wengi wetu, ndugu ya baba ni baba pia. Shahidi anasema asubuhi kwamba baba yake aliuawa zamani. Mchana anasema baba yake ndiye aliyemficha. Avoka wa upande wa pili anasimama kwa furaha: shahidi anajipinga! Hajajipinga hata kidogo. Mkalimani afanye nini hapo? Akiamua mwenyewe kusema "mon oncle", amejifanya shahidi. Akinyamaza, ameacha mtu aitwe mwongo. Anayeijua kazi yake anaomba ruhusa ya jaji, anaeleza kwamba neno hilo lina maana zaidi ya moja, na anaacha shahidi aulizwe. Kujua ni lini uombe ruhusa hiyo, na kuiomba kwa sentensi mbili bila kuharibu kikao, hakuji kwa kuzaliwa katika nyumba ya lugha mbili.

Kuna na wale wanaodhani kwamba mkalimani mwema ni yule anayesaidia: anafupisha, anasafisha matusi, anapanga vizuri maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Huo ni msaada wa hatari. Mwanamke akisema kwa haya "waliniharibu", wengi wetu tunajua anachozungumzia. Lakini mkalimani akiweka papo hapo "walinibaka", amekwisha kulitaja kosa la jinai kabla ya mwenyewe kulitaja, na avoka atalishika hilo. Akiweka neno la kawaida la kuharibu kitu, kosa lenyewe linapotea njiani. Inabidi atafute neno la Kifaransa lenye haya ile ile na uzito ule ule, katika sekunde tatu, huku mama huyo akilia pembeni yake, na aseme "mimi" kana kwamba yaliyompata yule yamempata yeye. Halafu mtu anasema ni kurudilia maneno.

Majaji wa kimataifa wamelazimika kulishughulikia jambo la namna hii katika kesi iliyotoka kwetu. Germain Katanga, aliyeshtakiwa The Hague kwa mambo ya Ituri, aliomba kufasiriwa kwa Lingala. Majaji wa hatua ya awali walimkatalia: walisema Kifaransa anakijua. Tarehe 27 Mei 2008 majaji wa rufaa wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai walitengua uamuzi huo. Mkataba wa Roma, kifungu cha 67, unataka lugha ambayo mshtakiwa anaielewa na kuisema kikamilifu, na neno hilo "kikamilifu" ndilo lililokuwa halijapewa uzito wake. Kifungu hicho hicho kinadai mkalimani mwenye uwezo. Hakisemi yeyote aliyepo.

Nyumbani, Katiba ya 18 Februari 2006 haiko mbali na hapo. Kifungu cha 18 kinataka kila anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 142 kinaipa Serikali siku 60 za kueneza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa. Nani atafanya kazi hiyo, kama inahesabiwa kuwa si kazi? Watu wanatuambia siku hizi simu itafanya. Ipeni simu "yaya" tuone.

Na sisi wanafunzi tuna sehemu yetu. Tunaitwa saa kumi na moja jioni kwa mkutano wa kesho asubuhi, hatupewi karatasi hata moja ya kusoma, tunakubali peke yetu kwa siku nzima kazi ambayo wakalimani wawili hupokezana kila nusu saa hivi kwa sababu kichwa huchoka, na malipo ni chakula na nauli. Kila anayekubali hivyo anawathibitishia wenye mkutano kwamba walikuwa na haki.

Kitivo chetu kingeweza kuanza na orodha: majina ya wahitimu, lugha zao, na Kiswahili wanachokimudu, kiwe cha Katanga, cha Kivu, cha Ituri au cha pwani. Ichapwe, ipelekwe kwa makarani wa mahakama na kwa wakuu wa hospitali, ambako leo bado mtoto wa miaka kumi anamfasiria mama yake ugonjwa wa mama yake. Ukurasa mmoja unatosha kwa mwaka huu.