Baridi ya Butembo inakatwa kwenye mshahara wa shofere

Vijana wenzetu wa Kasindi, Beni, Butembo, Bunia na kwingine,

Kila mara mkubwa fulani akishuka huku kutoka Kinshasa, anatuletea maneno yale yale: muvumilie, mafuta iko chini ya Ziwa Albert, siku yatatoka kazi itakuwa nyingi kwa vijana. Mwaka 2022 serikali ilitangaza mnada wa vipande 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Tuliambiwa tujitayarishe. Sisi wenye lisanse tuliandika barua za kuomba kazi ambayo haijazaliwa bado. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Diploma zetu ziko kwenye sanduku, chini ya kitanda.

Leo hatuandiki juu ya mnada. Tunaandika juu ya watu ambao tayari wanafanya kazi ya mafuta, mbele ya macho yetu, kila siku ya Mungu: mashofere wa siterne. Kama munataka kujua kazi ya mafuta inafanana na nini katika nchi hii, musiulize waziri. Muulize shofere.

Kongo inatoa mafuta kule Muanda tangu miaka ya 1970. Lakini mafuta hayo yanapakiwa mbichi kwenye meli, yanaenda zake. Sisi wa mashariki, esansi na mazuti tunayotia kwenye pikipiki na jenereta yanatoka ng'ambo, yanashuka bandarini Mombasa, yanavuka Kenya, yanavuka Uganda, yanaingia Kasindi. Ni zaidi ya kilometa 1,500 mbele ya kufika mpaka wetu. Kisha karibu 80 mpaka Beni, na zaidi ya 50 tena mpaka Butembo. Usukani uko mikononi mwa Mkongomani, au Mkenya, au Muganda. Wote wanakula vumbi moja, na kwetu wote ni wenzetu.

Tulienda kuketi nao, kwenye maparking, tukiwa na kalamu na daftari. Tulichosikia njo hiki.

Wengi wanalipwa kwa safari, siyo kwa mwezi. Kamyo ikikwama kwenye forodha juma mbili sababu karatasi ya mwenye mzigo haijakamilika, juma hizo mbili ni za bure. Shofere analala kwenye kiti. Konvwayeri, ambaye mara nyingi ni kijana wa umri wetu, analala chini ya gari lenyewe, juu ya kartoni. Choo ni kichaka. Chakula ni deni kwa mama muuzaji. Kontra ya kazi? Walicheka. Mumoja alituonyesha kontra yake: namba ya simu ya bwana wake.

Papa mumoja, mwenye mvi, ametembeza siterne zaidi ya miaka ishirini. Alituambia: "Banangu, sikuuzisha hata lita moya. Balipofungua siterne Butembo, bakapima, bakasema inapunguka. Bakakata franga zangu za safari yote. Bakaniita mwizi mbele ya konvwayeri wangu." Kisha alinyamaza. Hakuwa analia juu ya franga. Alikuwa analia juu ya lile neno.

Sasa tusikilizane vizuri, juu hapa njo shule yetu inaweza kusaidia. Mafuta yanavimba kwenye joto na kunywea kwenye baridi. Joto likishuka digrii 10, esansi inapunguka karibu asilimia 1. Siterne ya lita 35,000 iliyopakiwa kwenye joto la pwani, ikifunguliwa Butembo asubuhi, kule juu kwenye baridi yetu munayoijua, inaweza kukosa lita 300 na zaidi bila mkono wa mtu kugusa kifuniko. Makampuni ya mafuta yanajua hesabu hiyo kuliko sisi. Njo maana kwenye madepo makubwa wanapima lita pamoja na joto, na wanarekebisha. Lakini hesabu hiyo ikifika kwa shofere, inasahauliwa. Baridi ya Butembo inakuwa wizi wake.

Hatusemi hakuna shofere hata mumoja anayeuzisha mafuta njiani. Wako. Lakini huwezi kumhukumu mtu bila kipimo, halafu ukawa wewe njo mwenye mali, wewe njo mpimaji, wewe njo hakimu.

Na angalieni upande wa pili. Kinshasa, serikali njo inapanga bei ya esansi. Makampuni yakisema bei hiyo inawatia hasara, serikali inaketi nao mezani, inahesabu hasara yao, inatia sahihi, inaikubali kuwa deni la taifa. Deni hilo limefika mamilioni mia na mia ya dola, na linalipwa kwa makuta ya wote, pamoja na ya mama anayeuza sombe sokoni. Kwa hiyo hasara ya kampuni iko na meza, iko na karatasi, iko na mhuri. Hasara ya shofere iko na nini? Iko na matusi.

Tena hatujasema vita. Barabara hizi zetu munazijua. Tarehe 1 Septemba 2021, msafara wa magari uliokuwa unasindikizwa na jeshi ulishambuliwa Ofaye, kati ya Komanda na Luna. Watu waliuawa, wengine wakatekwa, magari yakachomwa. Hiyo ni siku moja tu katika siku nyingi. Mwenye kamyo ikichomeka, anaweza kununua ingine. Mjane wa shofere anapata gunia la mchele siku ya matanga, na baada ya hapo simu haipokelewi tena.

Na kama kuna anayefikiri hii ni shida ya mashofere peke yao, akumbuke Sange. Tarehe 2 Julai 2010, siterne ilipinduka katika kijiji hicho cha uwanda wa Ruzizi, ikawaka moto, watu zaidi ya 230 wakafa. Wengi walikuwa wameketi kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Akumbuke Mbuba, kule Kongo Central, tarehe 6 Oktoba 2018: zaidi ya 50. Shofere anayelipwa kwa safari anakimbizana na safari. Halali. Anapita katikati ya nyumba zetu na lita 35,000 mgongoni, macho yakifungika. Usingizi wake ni usalama wetu.

Watatuambia: nchi haina sheria. Iko nayo! Kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka saa 45 kwa juma, 9 kwa siku. Inasema kontra iandikwe, na kama haikuandikwa, inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka mtu alete ushahidi mwingine. Inasema hata kibarua wa siku kwa siku, akiisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akiitwa tena katika miezi hiyo hahesabiwi tena kuwa kibarua. Papa wetu wa mvi, kwa sheria, ni mfanyakazi kamili tangu zamani. Hakuna aliyemwambia. Na sisi wenye lisanse ya sheria tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye mitandao, tunapigana juu ya timu za Ulaya.

Wenye makamyo watajibu: na sisi tunaumia, bariere ni nyingi, forodha inatukamua. Ni kweli, na bariere hizo tumezishitaki na tutaendelea. Lakini kila bariere munayolipa munaitia kwenye bei, sisi tunailipa kwenye pompe. Jasho la shofere peke yake njo halina nafasi kwenye hesabu yenu.

Wengine watasema: kazi ikimchosha, aache, vijana wanaoitaka wako wengi. Tunajua. Vijana hao ni sisi. Na tunakataa njaa yetu itumiwe kuwa fimbo ya kumpigia papa zetu.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila shofere na kila konvwayeri wa siterne apewe kontra iliyoandikwa, na aandikishwe kwenye CNSS.

2. Siku za kungojea kwenye forodha na kwenye maparking zilipwe, juu nazo ni kazi.

3. Hakuna kukata mshahara juu ya lita zinazopunguka bila kupima joto pale pa kupakia na pale pa kushusha, mbele ya shofere, na karatasi apewe.

4. Safari ndefu ziwe na mashofere wawili, na saa za kulala ziheshimiwe.

5. Shofere akifa au akijeruhiwa njiani, jamaa yake ilipwe kwa sheria, siyo kwa huruma.

6. Wakaguzi wa kazi watoke ofisini, waende Kasindi, waingie kwenye maparking, wafungue daftari.

Tutapeleka barua hii kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi Beni na Butembo, kwa mikono yetu, kwa amani, bila jiwe na bila tairi la kuchoma. Wenzetu waliosoma sheria watakaa kwenye maparking kila Jumamosi, kumusomea shofere haki yake kwa Kiswahili na kumwandikia malalamiko bure. Mwenye kalamu aje nayo. Mwenye kipima joto aje nacho pia, kitatumika.

Na wewe, mkubwa unayejitayarisha kutuahidi tena kazi za mafuta ya Ziwa Albert: kabla ya kupanda jukwaani, pita kwanza Kasindi. Mulipe anayebeba mafuta leo. Kisha tutakusikiliza juu ya yale ya kesho.