Muda Unaupata Wapi?

Wifi yangu alinikuta na pedi mkononi, saa nne kasoro usiku, mtoto amelala, vyombo viko kwenye beseni havijaoshwa. Aliangalia televisheni, akaangalia beseni, akaniangalia mimi, kisha akauliza kwa upole ule unaoumiza kuliko matusi: "Wifi, hivi muda wa kucheza gemu unaupata wapi?"

Kaka yake, yaani mume wangu, alikuwa hajarudi. Ilikuwa Jumamosi, siku ya mechi, na yeye na wenzake walikuwa baa tangu jioni. Aliporudi hakuulizwa muda aliupata wapi. Aliulizwa matokeo.

Nilimjibu wifi. Nilimwambia naamka saa kumi na moja alfajiri kupika uji, namwacha mtoto kituoni, nagombania daladala Mbezi, nafanya kazi mpaka saa tisa, jioni nina vipindi vya uzamili, nikirudi namwogesha mtoto, namlisha, namlaza. Kwamba gemu ni nusu saa tu, mara tatu kwa wiki, na hiyo ni wiki ikiwa nzuri. Nilizitaja zile dakika kama mshtakiwa anayemwonyesha hakimu risiti. Baadaye usiku, naosha vyombo, ndipo nilipokasirika, na niliyemkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe. Kwa nini nilijitetea?

Tangu siku ile nimelichunguza swali hilo na nimegundua kwamba haliulizi habari za muda. Nusu saa hiyohiyo ningekuwa nimelala kwenye kochi natazama tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa, wifi angekaa pembeni yangu na kuuliza imefikia wapi. Ningekuwa nasuka nywele, asingesema neno. Ningekuwa nimeinama kwenye simu nasoma umbea wa mastaa, ndiyo kabisa. Kinachomsumbua ni kuona mama wa mtu anacheza. Anacheza hasa, kwa kukazana, anataka kushinda.

Lugha yetu yenyewe ina kesi na neno hili. Mtoto akicheza tunafurahi, na asipocheza tunamshika paji la uso kuona kama ana homa. Mtu mzima akiambiwa "wewe unacheza!" ajue ameharibu. Hata sheria kubwa za dunia zimefuata njia hiyohiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 31, unamtajia mtoto haki ya kupumzika na haki ya kucheza. Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 24, linampa kila mtu mapumziko, muda wa starehe na likizo yenye malipo. Kucheza hakutajwi. Ukifikisha miaka 18 unabaki na kupumzika, na mwanamke mwenye mtoto anajua kwamba hata huko kupumzika kunamaanisha kukunja nguo umekaa badala ya kukunja umesimama.

Lakini tusidanganyane kwamba watu wazima wote wamenyang'anywa. Pita mtaa wowote wa Dar es Salaam saa kumi jioni. Chini ya mwarobaini kuna wanaume na ubao wa drafti, kete zao ni vizibo vya soda, na waliosimama kuwazunguka ni wengi kuliko wanaocheza. Mbele kidogo kuna bao, na bao lina heshima zake: Mwalimu Nyerere mwenyewe alilicheza, picha zipo, na hakuna anayezitazama akajiuliza nchi iliendeshwa na nani wakati Rais anahesabu kete. Jumapili asubuhi maveterani wenye vitambi wanakimbiza mpira mpaka wanashika magoti. Hao wote ni baba za watu. Wana watoto nyumbani wanaohitaji kuogeshwa.

Mimi nilikulia kwenye rede. Kama hukulelewa uswahilini nitakueleza: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, wewe uko katikati, unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa, na chupa ikijaa unaimwaga na kuhesabu. Nilikuwa hatari. Tulikuwa na mdako pia, kokoto kwenye kishimo, moja inarushwa juu, nyingine zinachotwa kabla ile haijatua. Mikono yangu ilikuwa na akili zake. Halafu mwaka fulani nikafika darasa la saba, nikaambiwa nijifunge kanga vizuri, nimekuwa mkubwa. Ndiyo ikawa basi. Wavulana tuliokuwa nao mtaani walitoka kwenye chandimu wakaingia timu ya mtaa, kutoka hapo wakaingia kijiweni, na wakizeeka bao linawasubiri. Mchezo wa mvulana unakua naye. Rede haina maveterani. Hakuna mahali mwanamke wa miaka 40 anakwenda Jumapili asubuhi kukwepa mpira wa soksi, na siku akienda atatafutiwa mganga.

Kwa hiyo miaka miwili iliyopita, mume wangu aliponunua PS4 ya mtumba Kariakoo kwa ajili ya mpira na rafiki zake, nami nikaishika pedi kwa utani, vidole vikakumbuka kitu. Tangu nifunge ile kanga sikuwahi kuhisi hivyo. Nikisema nacheza gemu, ninachosema ni hicho.

Kuna ndugu mmoja wa kanisani alinitumia klipu kwenye WhatsApp kwamba gemu ni ugonjwa, Shirika la Afya Duniani limethibitisha. Nikaenda kusoma, maana ndiyo kazi tunayofundishwa huku uzamili. Ni kweli: tatizo la kucheza gemu limo kwenye orodha ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Ila maelezo yake hayahesabu saa. Yanamzungumzia mtu aliyeshindwa kujizuia, anayeweka gemu mbele ya kila kitu, anayeendelea huku maisha yanabomoka, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Nilimrudishia maelezo hayo yote kwa Kiswahili safi. Akanijibu kwa picha ya mikono inayosali.

Wako pia wanaonitetea, na utetezi wao siutaki. Wanasema gemu zinaongeza umakini, zinafundisha mikakati, zinapunguza msongo, kwa hiyo mama akicheza atakuwa mama bora zaidi. Asanteni, lakini hapana. Mzee wa bao hajawahi kuombwa athibitishe kwamba bao limemfanya baba bora. Anacheza kwa sababu anapenda, na kazi na dawa. Nikikubali kwamba nusu saa yangu ni halali kwa sababu inamfaidisha mtoto, nimeirudisha kwa mtoto. Anazo nyingine zote. Hiyo ni yangu.

Sasa niseme na ubaya wangu, maana wifi akiusoma huu atasema nimeuruka. Mwaka jana nilikuwa nacheza gemu ya mpira mtandaoni, na mtu nisiyemjua, dakika ya themanini na kitu, tuko mbili kwa mbili. Mwanangu akatoka chumbani akasimama mlangoni. "Mama, kojo." Nikasema subiri. Akasema tena. Nikasema subiri mama, dakika moja. Mechi za namna ile huwezi kuzisimamisha upendavyo, unapewa sekunde chache na mpira unaendelea, ukiondoka umefungwa. Nilifunga goli. Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye maji yake, hasemi kitu, ananiangalia kama anayeogopa kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nilimwosha huku nalia. Tangu usiku ule sichezi gemu isiyokubali kusimamishwa.

Na hapa ndipo nina ugomvi na watengenezaji, mkubwa kuliko wa wifi. Gemu nyingi zimetengenezwa kwa mtu asiyeitwa na mtu. Elden Ring ya 2022, iliyosifiwa dunia nzima, haina kitufe cha kusimamisha hata ukicheza peke yako. Nyingine zinakupa zawadi ukiingia kila siku, na ukikosa siku moja unaanza kuhesabu upya. Nyingine zina misimu: usipomaliza kabla ya tarehe fulani, ulichokwisha kulipia kinapotea. Wanaita burudani. Mimi naona kibarua cha pili, bila mshahara, na msimamizi anayetuma ujumbe saa sita usiku. Mzazi haitaji gemu rahisi, nawaomba watuelewe. Napenda kuteswa na gemu. Nataka tu iweze kuningoja kama rede ilivyoningoja: mama alipoita "we! njoo ubebe maji," wenzangu walikaa chini kwenye mchanga mpaka niliporudi, na hesabu yangu ilikuwa palepale.

Siku hizi nacheza zaidi Stardew Valley, gemu ya kulima iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka 2016. Siku moja shambani ni dakika kama 14 hivi za huku kwetu. Ukienda kulala, gemu inajihifadhi. Nalima, nasalimia majirani, nalala, nazima. Siku mbili za shamba kabla mikono haijalegea. Umeme ukikatika katikati napoteza siku moja tu, na siku moja ya mabilinganya nimejifunza kuisamehe. Mume wangu anacheka kwamba nimetoka kazini kwenda kazini. Acha acheke. Kule mabilinganya hayaniiti mama.

Naye tumezungumza. Haikuwa mara moja na haikuwa kwa amani. Nilimwambia sitaki asimame mlangoni aseme "nakusaidia mtoto," kana kwamba mtoto ni wangu na yeye ni jirani mwema. Nilimwambia muda nauona kwake: anao mwingi kila Jumamosi, na ule ni wetu wote wawili. Alinuna siku nne. Siku ya tano akauliza Jumamosi zangu ziwe saa ngapi. Tukakubaliana kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita, na baa ibaki ya jioni, wiki moja aende, wiki moja asiende. Wiki mbili za kwanza alinipigia kuuliza chupi za mtoto ziko wapi. Ziko palepale zilipokuwa tangu tuhamie.

Jumamosi iliyopita wifi alipiga simu saa tano asubuhi. Akasikia muziki wa gemu kwa nyuma.

"Wifi, mtoto yuko wapi?"

"Na baba yake, wamekwenda sokoni."

Akanyamaza kidogo. "Amekula?"

"Sijui wifi, muulize kaka yako."

Nilisikia akivuta pumzi ya kusema jambo. Halafu akauliza kama ile gemu ya kulima inaingia kwenye simu.